Siasa ya vyama vingi mkoani Kigoma

Siasa ya vyama vingi mkoani Kigoma ni historia ya ushindani wa vyama vya siasa katika mkoa huo wa magharibi mwa Tanzania tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa nchini mwaka 1992. Kigoma ni kati ya mikoa ya Tanzania Bara ambako wapiga kura wamekichagua chama cha upinzani mara nyingi. Vyama vitatu tofauti vya upinzani, yaani Chadema, NCCR-Mageuzi na ACT-Wazalendo, vimewahi kupata majimbo huko kwa nyakati mbalimbali.

Hata hivyo, ushindi huo haukuwahi kuvipa vyama hivyo nafasi katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Tanzania haimlazimishi rais kugawana madaraka na chama kilichoshindwa. Kwa upande wa Zanzibar sharti hilo lipo tangu 2010, na ndiyo sababu ACT-Wazalendo, chama ambacho jimbo lake la kwanza lilikuwa Kigoma Mjini, kiliingia katika serikali ya umoja visiwani ilhali kimepoteza kiti chake cha ubunge Kigoma.

## Mahali na watu

Mkoa wa Kigoma uko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ukipakana na Burundi upande wa kaskazini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Makao makuu yake ni mji wa Kigoma, ambao pamoja na mji wa kale wa Ujiji huunda Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ujiji ulikuwa kituo cha misafara ya biashara ya karne ya 19, na Kigoma ulikua baada ya Reli ya Kati kufika ziwani mwaka 1914. Katika sensa ya 2022 mkoa ulihesabiwa kuwa na wakazi 2,470,967.

Wenyeji wengi ni Waha. Mjini Ujiji na katika vijiji vya ufuoni wako pia Wamanyema, Wabwari na watu wengine wenye asili ya ng'ambo ya ziwa. Wengi huishi kwa kilimo, uvuvi wa dagaa na migebuka, michikichi na biashara ya mpakani.

Sababu kadhaa hutajwa kueleza kwa nini upinzani ulipata nguvu mapema hapa. Mkoa uko mbali na Dar es Salaam, na kwa miaka mingi barabara zake kuu hazikuwa na lami. Umeme ulitegemea majenereta kwa muda mrefu. Hali ya mpakani na kuwepo kwa kambi za wakimbizi kuliwafanya baadhi ya wenyeji waulizwe mara kwa mara kuhusu uraia wao. Malalamiko haya yamekuwa sehemu ya kampeni za vyama vyote, kikiwemo Chama cha Mapinduzi (CCM), ambacho kwa upande wake kimeeleza barabara, bandari na umeme kuwa matunda ya utawala wake.

## Kutoka chama kimoja hadi vyama vingi

Kuanzia mwaka 1965 Tanzania ilikuwa kisheria nchi ya chama kimoja, ingawa palikuwa na vyama viwili: TANU upande wa Bara na Afro-Shirazi Party upande wa Zanzibar. Vyama hivyo viliungana tarehe 5 Februari 1977 kuunda CCM. Wakati huo wapiga kura wa Kigoma, kama wa mikoa mingine, waliweza kuchagua kati ya wagombea wawili wa ubunge, lakini wote walitoka chama kilekile.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa siasa. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo, tume ilipendekeza vyama vingi, na Katiba ilibadilishwa mwaka 1992. Katika mwaka huohuo Sheria ya Vyama vya Siasa ilipitishwa, na vyama vipya vikaanza kuandikishwa na Msajili wa Vyama vya Siasa.

## Uchaguzi mdogo wa 1994 na kesi ya Kabourou

Jimbo la Kigoma Mjini lilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kujaribu mfumo mpya. Katika uchaguzi mdogo wa 1994 Chadema ilimsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou dhidi ya mgombea wa CCM, Azim Premji. Mgombea wa CCM alitangazwa mshindi, na Kabourou akafungua kesi kupinga matokeo.

Hoja muhimu katika kesi hiyo ilihusu Radio Tanzania. Wakati huo ilikuwa redio ya serikali, na watu wengi mikoani walipata habari kupitia kwake peke yake. Mlalamikaji alidai kwamba ilimpendelea mgombea wa chama tawala katika matangazo yake ya kampeni. Mahakama ilitengua matokeo, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba upendeleo wa chombo cha umma ulivuruga usawa wa uchaguzi. Hukumu hiyo, Mwanasheria Mkuu na wenzake dhidi ya Aman Walid Kabourou, imo katika mkusanyo wa hukumu za Tanzania wa mwaka 1996, na imetajwa mara nyingi katika kesi za uchaguzi zilizofuata.

Umuhimu wake ulivuka mipaka ya Kigoma. Katika mfumo wa chama kimoja, redio, serikali na chama vilikuwa kitu kimoja. Kesi hii ilisaidia kuweka kanuni kwamba mali na vyombo vya umma si vya chama kinachotawala.

Katika uchaguzi mkuu wa 1995 Kabourou alipata ubunge wa Kigoma Mjini. Alichaguliwa tena mwaka 2000, wakati Chadema ilipata majimbo manne tu nchini kote: Kigoma Mjini, Moshi Mjini, Hai na Karatu. Aliwahi pia kuwa katibu mkuu wa Chadema. Mwaka 2005 alishindwa na Peter Serukamba wa CCM. Baadaye alihamia CCM, akawa mwenyekiti wa chama hicho mkoani Kigoma. Alifariki mwaka 2018.

## Kigoma Kaskazini, 2005–2015

Wakati CCM ikirudisha Kigoma Mjini mwaka 2005, Chadema ilishinda jimbo la jirani la Kigoma Kaskazini kupitia Zitto Kabwe, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Hilo lilikuwa jimbo pekee la upinzani mkoani katika uchaguzi ule.

Agosti 2007 Zitto alisimamishwa ubunge kwa muda baada ya kutoa hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Adhabu hiyo ilimpa umaarufu nchini kote. Baadaye aliongoza kamati ya Bunge ya hesabu za mashirika ya umma, na kuanzia 2013 Kamati ya Hesabu za Serikali. Kwa desturi ya Bunge, kamati za kukagua matumizi ya fedha huongozwa na wabunge wa upinzani, kwa hiyo chama kisicho na waziri hata mmoja bado kinaweza kuhoji matumizi ya serikali.

Aprili 2012 Zitto alianza kukusanya saini za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Kwa mujibu wa Katiba, hoja ya namna hiyo inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge. Wabunge wa vyama mbalimbali walitia saini, wakiwemo wachache wa CCM. Hoja haikufika kwenye kura, lakini mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete alibadilisha baraza la mawaziri na kuwaondoa baadhi yao.

## Majimbo matano ya mwaka 2010

Uchaguzi wa 2010 ndio ulioleta ushindi mkubwa zaidi wa upinzani mkoani. Kati ya majimbo manane, CCM ilipata matatu tu. Matokeo yalikuwa hivi:

- Kigoma Mjini: Peter Serukamba (CCM)
- Kigoma Kaskazini: Zitto Kabwe (Chadema)
- Kigoma Kusini: David Kafulila (NCCR-Mageuzi)
- Kasulu Mjini: Moses Machali (NCCR-Mageuzi)
- Kasulu Vijijini: Agripina Buyogera (NCCR-Mageuzi)
- Muhambwe: Felix Mkosamali (NCCR-Mageuzi)
- Manyovu: Albert Obama Ntabaliba (CCM)
- Buyungu: Christopher Chiza (CCM)

Majimbo manne ya NCCR-Mageuzi mkoani Kigoma yalikuwa yote ambayo chama hicho kilipata nchini mwaka ule. Chama kilichowahi kuwa kikuu cha upinzani nchini mwaka 1995 kilikuwa sasa kimebaki, kwa upande wa majimbo, chama cha mkoa mmoja.

Wabunge wa Kigoma kutoka vyama tofauti walishirikiana katika baadhi ya mambo bila mapatano rasmi. Mfano unaojulikana ni sakata la akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014. Kafulila wa NCCR-Mageuzi alilileta suala hilo bungeni, na Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto ililichunguza na kutoa ripoti Novemba 2014. Kutokana na sakata hilo Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo akajiuzulu.

## Chama na kiti cha mbunge

Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea wa ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba katazo hilo linakiuka haki. Aidha, kwa ibara ya 71, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti.

Kanuni hii iliwagusa wabunge wawili wa Kigoma. Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimfukuza Kafulila uanachama. Alikwenda mahakamani, akapata zuio, akaendelea kuwa mbunge. Zitto naye alivuliwa nyadhifa zake ndani ya Chadema Novemba 2013, akafungua kesi ili kuzuia hatua zaidi. Kesi hiyo ilipoisha Machi 2015, Chadema ilitangaza kwamba si mwanachama tena. Aliaga Bunge mwezi huohuo, akajiunga na ACT-Wazalendo, chama kilichopata usajili mwaka 2014. Jimbo la Kigoma Kaskazini likakaa bila mbunge hadi uchaguzi mkuu wa Oktoba.

Wanaoiunga mkono kanuni hii husema inazuia mbunge kuchaguliwa kwa bendera ya chama kimoja kisha akaitumikia nyingine. Wanaoipinga husema inawapa viongozi wa chama uwezo wa kuondoa uamuzi wa maelfu ya wapiga kura kwa kikao kimoja.

## Ukawa na uchaguzi wa 2015

Mwaka 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma, vyama vya Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD viliunda Umoja wa Katiba ya Wananchi, maarufu kama Ukawa. Wajumbe wake walitoka bungeni Aprili mwaka huo wakipinga jinsi rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilivyoshughulikiwa. Ukawa uligeuka kuwa ushirikiano wa uchaguzi: vyama vinne vilikubaliana kuachiana majimbo na kumuunga mkono mgombea mmoja wa urais, Edward Lowassa wa Chadema.

Sheria haikuutambua Ukawa kama chombo cha kugombea. Katika karatasi ya kura kila mgombea alibeba jina na alama ya chama chake, kwa hiyo ushirikiano ulitegemea ahadi ya chama kimoja kutosimamisha mgombea mahali ambapo mwenzake amesimama. Katika majimbo kadhaa nchini ahadi hiyo haikutimizwa.

ACT-Wazalendo haikuwa ndani ya Ukawa. Kwa Kigoma hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu Zitto na chama chake kipya walikuwa na nguvu palepale ambapo NCCR-Mageuzi na Chadema walitaka kulinda majimbo yao. CCM ilipata majimbo sita kati ya manane. Zitto alishinda Kigoma Mjini kwa ACT-Wazalendo, na Kasuku Bilago wa Chadema akashinda Buyungu. NCCR-Mageuzi ilipoteza majimbo yake yote manne ya Kigoma. Katika Kigoma Kusini Kafulila alishindwa na Husna Mwilima wa CCM kwa tofauti ndogo ya kura.

Katika mfumo wa Tanzania jimbo huchukuliwa na mgombea mwenye kura nyingi kuliko kila mwenzake, hata kama hakufikisha nusu. Wagombea wawili wa upinzani wakigawana kura, wa chama tawala anaweza kupita kwa kura chache kuliko zao zikijumlishwa. Hata hivyo, kura zilizokwenda kwa chama kimoja haziwezi kuhesabiwa kuwa zingehamia zote kwa kingine.

Kitaifa John Magufuli wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46, na Lowassa akapata asilimia 39.97. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Anna Mghwira, alipata chini ya asilimia 1. Viti maalumu vya wanawake hugawiwa kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura za ubunge nchini. ACT-Wazalendo haikufika kiwango hicho, kwa hiyo kwa miaka mitano Zitto alikuwa mbunge pekee wa chama chake.

## Halmashauri ya Kigoma-Ujiji

Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilipata pia madiwani wengi katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, na chama hicho kikamweka Hussein Ruhava. Hii ilikuwa nafasi yake ya kwanza ya kuongoza mamlaka ya serikali ya mtaa.

Uwezo wa halmashauri ya namna hii una mipaka. Madiwani hupitisha bajeti na sheria ndogo, lakini mkurugenzi na wakuu wa idara huteuliwa au kuajiriwa na serikali, na sehemu kubwa ya fedha hutoka Hazina. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa ni wateule wa rais. Meya wa upinzani hulazimika kufanya kazi kila siku na watendaji wasiowajibika kwa chama chake.

Mfano wa mipaka hiyo ulionekana katika Ushirikiano wa Serikali Huria, mpango wa kimataifa unaozihimiza serikali kuweka wazi taarifa zao. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa kati ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizoanzisha awamu ya majaribio, pamoja na Elgeyo Marakwet ya Kenya na Sekondi-Takoradi ya Ghana. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na ushiriki wa Kigoma-Ujiji ukakoma.

Katika ngazi ya halmashauri ushirikiano wa vyama unaweza kuleta uongozi wa pamoja hata kwa sheria zilizopo. Machi 2016 madiwani wa vyama vya Ukawa jijini Dar es Salaam waliunganisha kura zao na kumchagua Isaya Mwita wa Chadema kuwa meya wa jiji. Kigoma-Ujiji haikuhitaji mapatano hayo, kwani chama kimoja kilikuwa na madiwani wa kutosha.

## Kwa nini hakuna serikali ya mseto Bara

Serikali ya mseto ni serikali inayoundwa na vyama viwili au zaidi vinavyogawana nafasi za uwaziri. Katika nchi nyingi hutokea pale ambapo hakuna chama chenye wabunge zaidi ya nusu. Chama kikubwa hutafuta mshirika, na mshirika hudai wizara na sera fulani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikatazi jambo hilo. Ibara ya 51 inasema waziri mkuu atatoka katika chama chenye wabunge wengi zaidi, au kama hakuna chama cha namna hiyo, awe mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Kifungu cha pili hakijawahi kuhitajika, kwa kuwa CCM imekuwa na wingi bungeni katika kila uchaguzi tangu 1995.

Sababu nyingine ni nafasi ya rais. Huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 hahitaji kupata zaidi ya nusu ya kura. Hivyo hakuna duru ya pili, ambayo katika nchi nyingine huwalazimisha wagombea wawili wa juu kutafuta uungaji mkono wa vyama vidogo. Rais huwateua mawaziri bila kuhitaji kibali cha chama kingine.

Watu wa upinzani wamewahi kupewa vyeo serikalini, lakini kwa uteuzi wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2017 Magufuli alimteua Anna Mghwira, wakati huo mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Kafulila alihamia CCM na baadaye akawa mkuu wa mkoa wa Simiyu. Uteuzi wa namna hii hautokani na mapatano kati ya vyama na hauwapi wapiga kura wa chama husika sauti katika sera.

## ACT-Wazalendo na serikali ya umoja Zanzibar

Zanzibar ilichukua njia nyingine baada ya chaguzi zenye migogoro za 1995, 2000 na 2005. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa: chama kinachoshika nafasi ya pili hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, mradi kimepata angalau asilimia 10 ya kura za urais, na mawaziri hugawanywa kulingana na viti vya Baraza la Wawakilishi. Serikali ya kwanza ya aina hiyo iliundwa na Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF.

Mpango huo ulisimama baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa na CUF kususia marudio ya Machi 2016. Katika marudio hayo hakuna chama cha upinzani kilichofikisha asilimia 10, hivyo CCM ilitawala peke yake.

Machi 2019, baada ya mahakama kumtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, Maalim Seif na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo. Chama kilichokuwa na mbunge mmoja wa Kigoma kikawa ghafla chama kikuu cha upinzani Zanzibar.

Katika uchaguzi wa 2020 ACT-Wazalendo na Chadema zilishirikiana bila muungano rasmi: Chadema ilimuunga mkono Maalim Seif Zanzibar, na viongozi wa ACT-Wazalendo wakamuunga mkono Tundu Lissu kwa urais wa Muungano ingawa chama chao kilikuwa na mgombea wake, Bernard Membe. CCM ilitangazwa kushinda majimbo 256 kati ya 264. Mkoani Kigoma ilichukua majimbo yote manane, na Zitto akashindwa Kigoma Mjini na Kirumbe Ng'enda. Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika jimbo pekee lililokwenda upinzani lilikuwa Nkasi Kaskazini, mkoani Rukwa, lililochukuliwa na Aida Khenani wa Chadema. Upinzani uliyakataa matokeo.

Zanzibar, Maalim Seif alitangazwa kupata asilimia 19.87 dhidi ya asilimia 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi. Desemba 2020 ACT-Wazalendo, Zitto akiwa kiongozi wake, iliamua kuingia serikalini, na Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman wa chama hichohicho.

Uamuzi huo ulizua mjadala ndani ya upinzani. Waliounga mkono walisema kushiriki kunalinda amani visiwani na kunawapa wananchi wao sauti. Waliopinga waliona kwamba kuingia serikalini ni kuyakubali matokeo ambayo chama kilikuwa kimeyakataa.

## Mifano ya nchi jirani

Wakazi wa Kigoma wameishi karibu na mifano mingine ya kugawana madaraka. Nchini Burundi, Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulifungua njia ya Katiba ya 2005, iliyoweka uwiano wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi serikalini na kuvipa nafasi za uwaziri vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura. Vita vilivyoutangulia mkataba huo vilileta wakimbizi wengi Kigoma.

Ng'ambo ya ziwa, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo alitawala kuanzia 2019 kwa mseto na kundi la mtangulizi wake Joseph Kabila, lililokuwa na wabunge wengi. Alitangaza kuuvunja Desemba 2020 na kujenga wingi mpya bungeni. Kenya nayo ilikuwa na serikali ya mseto ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga kufuatia mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi.

Burundi na Kenya zilifikia mapatano yao baada ya umwagaji damu, na Zanzibar baada ya miaka mingi ya migogoro ya uchaguzi. Tofauti ni kwamba Zanzibar na Burundi ziliandika mgawanyo huo katika katiba, lakini mseto wa Kenya ulikuwa wa muda, na wa Kongo ulitegemea makubaliano ya viongozi.

## Hali baada ya 2020

Dk. Philip Mpango, aliyechaguliwa mbunge wa Buhigwe mwaka 2020, aliapishwa kuwa Makamu wa Rais wa Tanzania tarehe 31 Machi 2021. Chaguzi ndogo za Buhigwe na Muhambwe za Mei mwaka huo zilichukuliwa na CCM. Katazo la mikutano ya hadhara ya vyama, lililodumu tangu 2016, liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023. Mwaka 2024 Dorothy Semu alishika nafasi ya Zitto kama kiongozi wa ACT-Wazalendo.

Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambao Chadema haikushiriki na ulioambatana na maandamano na vurugu katika sehemu mbalimbali za nchi, Zitto aligombea tena Kigoma Mjini. Aliyetangazwa mshindi alikuwa mgombea wa CCM, msanii maarufu kama Baba Levo, ambaye aliwahi kuwa diwani wa ACT-Wazalendo mjini humo.

## Tazama pia

- Mkoa wa Kigoma
- Ujiji
- Orodha ya vyama vya siasa nchini Tanzania
- Katiba ya Zanzibar
- Serikali ya mseto